Chuo kikuu cha umma kikikagua usawa wake hapa Mombasa, kinamhesabu nani?

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, karibuni tubishane kwa adabu. Chuo cha umma kikiambiwa kijikague kama kinajumuisha watu wote, hukimbilia hesabu ya makabila, kisha kinatangaza kwamba kimetii sheria. Sheria yenyewe ni ile ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 7: taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja.

Kwangu mimi hesabu hiyo inaficha mengi. Theluthi inapigwa kwa wafanyakazi wote kwa jumla: bawabu mmoja, mpishi mmoja, profesa mmoja, wote uzito sawa. Chuo kinaweza kuwajaza Wadigo na Wagiriama langoni na jikoni, ofisi za juu zikakaliwa na wengine kabisa, na karatasini mambo yakawa shwari. Ukaguzi utolewe kwa gredi. Wahadhiri ni kina nani, wakuu wa idara ni kina nani, na vibarua wanaokaa miaka bila kandarasi ni kina nani?

Kisha kuna hili. Wamijikenda, wenyeji wa Pwani wakiwemo hao Wadigo na Wagiriama, ni makabila tisa, lakini sensa ya 2019 iliwaweka chini ya jina moja. Basi chuo cha Pwani kikiajiri wenyeji kwa wingi, sheria ileile ya kuzuia ubaguzi ndiyo itakayowafungia mlango. Anayetaka theluthi na anayetaka "wenyeji kwanza" hawawezi kushinda wote wawili. Chagueni.

Mzazi, Likoni: Mimi wenyeji kwanza, sifichi. Chuo kimekaa kwetu, kelele na taka ni zetu, lakini nafasi ikitoka tunasikia imeshajazwa. Tunachoitiwa ni kufyeka nyasi.

Mhadhiri mstaafu: Kwetu ni bara, na nimezeekea hapa Mombasa nikifundisha watoto wenu, kwa hiyo niruhusuni. Chuo kikuu si baraza la kijiji. Mkimfukuza mtu wa bara, vijana wa Pwani wanaosoma na kufundisha Eldoret nao waambiwe nini? Watu washindane kwa vyeti. Hata Marekani wamechoka: Chuo Kikuu cha Michigan kilitangaza kufunga ofisi yake ya masuala haya Machi 2025.

Mwanzisha mada: Mwalimu, shikamoo. Hakuna aliyesema ufukuzwe. Lakini Michigan usituletee. Kule ofisi ilianzishwa na chuo, na chuo kikaifunga serikali kuu ilipokaza kamba. Hapa jambo limo ndani ya Katiba ya 2010: ibara ya 27 inaiagiza serikali ichukue hatua za kuwainua waliobaguliwa zamani, na ya 56 inawataja walio wachache na waliotengwa. Naibu chansela hana ubavu wa kulifuta.

Na vyeti, mwalimu? Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai uraia. Wapemba walisubiri hadi 2023. Kijana wa nyumba hizo, hata angepata A, mkopo wa masomo angeuombaje bila kitambulisho? Ukaguzi wa wafanyakazi hauwezi kumwona mtu ambaye hakuwahi kufika langoni.

Mhadhiri mstaafu: Marahaba. La vitambulisho nakubali. La gredi pia, ingawa wakubwa hawatalipenda. Wenyeji kwanza, hapana.

Mwanafunzi, mwaka wa tatu: Wazee wangu, ninyi mnazungumzia kabila tu. Darasani kwetu yuko mwenzetu wa kiti cha magurudumu na tunasomea ghorofa ya pili. Lifti imefungwa kwa mnyororo. Tunambeba wanne, wawili mbele wawili nyuma, na wa tano anashika mkoba wake. Wenye nguvu wakichelewa feri, yeye anangoja chini na kipindi kinaanza. Kwenye fomu ya ukaguzi waliyotujazisha, ulemavu ni swali moja: ndiyo au hapana. Basi. Hakuna palipouliza kama anafika darasani.

Mwanzisha mada: Hilo sikulifikiria, na lina uzito kuliko langu. Mnyororo huo upigeni picha, muupeleke kwa mkuu wa wanafunzi pamoja na ratiba, mdai kipindi kihamishiwe chini wiki hii. Mzazi wa Likoni, nawe bado hujanijibu: theluthi je?

Mzazi, Likoni: Theluthi ibadilishwe. Bunge si lipo?