Dubai–Guangzhou: tiketi inaonyesha muda wa saa 11 kwenda, saa 4 na nusu kurudi?

Duka_Mwanjelwa: Wakuu, habari za baridi. Nakwenda Guangzhou kwenye maonyesho ya biashara ya Canton ya Oktoba, napitia Dubai. Tiketi inaonyesha naondoka Dubai 10:00, nafika 21:00. Kurudi natoka 00:15, nafika Dubai 04:45. Safari ileile inatofautianaje hivyo? Umbali ni kiasi gani? Na ndege ya Songwe (uwanja wa Mbeya) hadi Dar niipangeje?

Rubani_wa_Ramani: Mkuu, tiketi huandika saa za mji husika. China yote inatumia saa zilezile, na iko mbele ya Dubai kwa saa 4 mwaka mzima. Kwa hiyo kwenda ni 11 toa 4, unabaki na saa 7 angani. Kurudi ni 4 na nusu jumlisha 4, yaani saa 8 na nusu.

Umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 5,830, ila ndege hainyooki hivyo. Njia nyingi hupita India na Myanmar, zikikwepa uwanda wa Tibet: hewa ya ndani ya ndege ikivuja, rubani anatakiwa ashuke haraka hadi futi 10,000 hivi, na kule milima yenyewe imepita urefu huo. Ile saa moja na nusu ya ziada kurudi inatokana zaidi na upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi. Kwenda unakusukuma, kurudi unakupinga. Desemba hadi Februari ndiyo huwa mkali zaidi.

Dada_Tiketi_Iringa: Kaka, hiyo 00:15 iangalie sana, watu wengi wanaachwa hapo. Kama tiketi imeandikwa tarehe 20, ni saa 6 na robo ya usiku wa kuamkia tarehe 20. Uwanjani uwe umefika tarehe 19 saa 3 usiku. Ukienda usiku wa tarehe 20, ndege imeshaondoka usiku uliotangulia.

Songwe hadi Dar ni saa 1 na robo hadi saa 1 na nusu. Ukungu ukishuka ndege inachelewa, na kama tiketi hiyo umeikata peke yake, shirika la nje halitakusubiri. Shuka Dar siku moja kabla. Dar hadi Dubai ni saa 5 na nusu hivi.

Duka_Mwanjelwa: Ndaga fijo! Je, Dar–Dubai na Dubai–Guangzhou nikikata tiketi mbili tofauti, ili nipate bei nafuu?

Dada_Tiketi_Iringa: Sikushauri. Tiketi ikiwa moja, begi linapokelewa Dar na kuchukuliwa Guangzhou, wewe Dubai unabadilisha ndege tu. Zikiwa mbili, mara nyingi itabidi utoke nje ulichukue begi na kulipeleka kaunta upya, na kutoka nje kunahitaji viza ya Falme za Kiarabu. Huna viza, begi linabaki na safari inaishia hapo. Kabla hujalipa, hakikisha safari zote mbili ziko kwenye namba moja ya uhifadhi wa tiketi (booking).