Pesa za chama: jenereta, au tuanze na maji? (Kibokoni)

BintiKibokoni

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ni mweka hazina wa chama cha kina mama hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Kila mwezi twachanga, mmoja anapokea, na kidogo kinabaki kwenye mfuko wa dharura. Mfuko umenona, na ndipo maneno yalipoanza. Nusu ya wanachama wataka jenereta. Wanakumbusha ile Ijumaa ya Agosti 2023 stima ilipopotea nchi nzima: wanaouza samaki walimwaga mali, na tangu hapo giza halijaacha kututembelea bila hodi.

Mimi jenereta hainiingii. Mwezi uliofuata petroli ilipita shilingi 200 kwa lita. Meli za mafuta twaziona kwa macho zikiingia Kilindini, lakini bei si yetu. Kila tarehe 14 twasubiri tangazo kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kiwanda cha Changamwe chenyewe kiliacha kusafisha mafuta tangu 2013. Sasa tununue mdomo mwingine wa kulisha?

Tuseme miaka kumi ijayo stima na mafuta vitakuwa ghali zaidi, au vya kubahatisha. Mtaa kama wetu uanze na nini? Tafadhali msinipe majibu ya semina. Nataka la kusema kwenye kikao cha mwezi ujao, mbele ya wanawake wanaojua bei ya kila kitu.

FundiChokaa

Wa aleikum salaam, Bi. Mimi natengeneza nyumba za zamani, na huko kwenu nimeingia nyumba nyingi. Anza na maji.

Stima ikipotea mtu anafikiria taa. Taa ndogo ya sola kila nyumba itajinunulia, hiyo si kazi ya chama. Maji ndiyo yatakayowatoa jasho. Ya mfereji yote twaletewa kutoka nje ya mji: Mzima, Marere, Baricho, Tiwi. Ya Mzima hushuka yenyewe kwa mteremko, zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo. Ya Baricho husukumwa na pampu, na pampu bila stima ni chuma tu. Kule ikizimika, mifereji ya huku yaanza kutoa upepo, na wenye mikokoteni wapandisha bei ya mtungi kabla hujamaliza kulalamika.

Lakini nyumba za kwenu zina visima. Vingi vimezibwa, na juu ya kimoja nilikuta mashine ya kufulia! Fungueni viwili vitatu ambavyo wenyewe wataridhia. Maji yake si ya kunywa, yana chumvi na vyoo vya shimo viko karibu mno. Ni ya kufua, kuosha sakafu na chooni, na hayo ndiyo maji mengi ya nyumba. Kisima kiwe na kifuniko, na ndoo moja na kamba yake viishi hapohapo. Kila mtu akija na ndoo aliyoiweka chini jikoni kwake, mwashushia uchafu ndani kwa mikono yenu.

Ya kunywa chukueni ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Kwa hiyo bati la mita mraba 50 likinyeshewa milimita 100 ni lita 5,000. Toa elfu moja ya kumwagika na kuvuja. Mvua ya masika hapa Mombasa haishindwi na hesabu hiyo. Tatizo ni kunguru. Nyie mwawajua kunguru wa Mji wa Kale na wanachoacha juu ya bati. Kwa hiyo bomba la kushukia liwe na tawi la pembeni lenye kizibo chini: maji ya kwanza yaingie humo na kinyesi chake, likijaa ndipo yanayofuata yaende tangini. Baada ya kila mvua fungua kizibo umwage. Hata hivyo yatieni dawa au myachemshe kabla ya kunywa.

La mwisho, hukuniuliza: msikubali kupigwa lipu ya simenti. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Ukiuziba kwa simenti unyevu unabaki ndani na ukuta unaoza. Ukiziba na zile tundu za juu, joto la kaskazi litawalazimisha kununua eyasii, mashine ya kupoza hewa, na hapo turudi tena kwenye stima.

GhorofaTano_Majengo

Ami fundi, maneno matamu, ila wengine hatuna kisima wala bati. Mimi niko ghorofa ya tano. Stima ikienda, pampu haipandishi, tangi la juu linakauka, na mitungi twaipandisha kwa ngazi. Huku jenereta si anasa.

FundiChokaa

Kweli, mwanangu. Lakini juu ya jengo lako kuna nini zaidi ya madishi? Mwambieni mwenye nyumba aweke sola ya pampu peke yake, bila betri. Jua likiwaka maji yapanda, usiku mwatumia ya tangi. Tangi lenyewe ndilo betri yenu. Akigoma, hapo sina dawa.

MamaMbaazi

Nipitie kwenye hao samaki. Friza iliyojaa, ukiiacha imefungwa, hushika baridi kama siku mbili. Iliyojaa nusu, kama siku moja. Waulize hao wenzako usiku ule waliifungua mara ngapi kutazama. Wajaze nafasi zilizobaki kwa chupa za maji zigande. Na samaki asiyeuzika leo apasuliwe, atiwe chumvi, aanikwe. Ng'onda haijawahi kuomba stima.

Mimi nauza mbaazi na mahamri, na makaa yalikuwa yanakula faida yangu yote. Sasa mbaazi nazilaza majini mchana kutwa. Usiku nazichemsha kwelikweli zaidi ya robo saa, nafunika sufuria, naitia ndani ya kikapu kikubwa nilichokijaza matambara na blanketi kuukuu, naifunika na mto juu. Alfajiri ziko laini. Nazirudisha jikoni zichemke tena, ndipo tui liingie. Usilaze tui humo ndani, litachacha, na wateja wa asubuhi hawana huruma.

BintiKibokoni

Allah awajazi kheri. Friza imenichekesha, maana aliyekuwa akiifungua namjua, ni yeye huyo mwenye sauti kubwa ya jenereta.

Nitapeleka hivi: visima viwili vifunguliwe, nyumba moja yenye bati zuri ipate gata na tangi, na jenereta isubiri. Ila FundiChokaa, nyumba yenye bati zuri ni ya mzee mmoja ambaye si wa chama na hana haja na pesa zetu. Tangi la chama likikaa kwake, ufunguo wa mfereji wake atashika nani?

FundiChokaa

Funguo ziwe mbili: mmoja akae nao huyo mwenye nyumba, mmoja ubaki kwenu, na muandikiane mbele ya mzee wa mtaa kabla hata sijapanda na futi. Na mwenye nyumba achote bure.