Tupeane uzoefu: kompyuta yako ya kwanza ya gemu uliipataje kwa hela ya mawazo?

Mzee wa Fremu (Dar)
Wakuu salaam. Nimeona niuanzishe huu uzi maana kila nikipita nakuta kijana kauliza nina laki sita nataka kompyuta ya gemu, na majibu ni yaleyale, ama anaambiwa aongeze hela ama anabandikiwa orodha ya vitu vya Marekani ambavyo ukizunguka Kariakoo nzima unaambiwa njoo wiki ijayo. Sasa wale tuliokwisha pita huko tuweke hapa ulinunua nini, wapi, na uliacha nini ili hela itoshe. Hiyo ya uliacha nini ndo naitaka kuliko zote.

Naanza mimi. Nilichukua desktop ya ofisini ya mtumba, Dell OptiPlex 9020 yenye prosesa i5-4590, nikapachika kadi ya grafiki, GTX 1650, basi. GTA V na FIFA kwa 1080p zinateleza mpaka washkaji wamehamia gheto. Nilichoacha ni urembo, zile kesi za kioo zenye mataa ya rangi zinakula hela ambayo ungeitia kwenye kadi na haziongezi hata fremu moja ya gemu kwa sekunde.

Kwenye hizi Dell angalia kizazi cha prosesa. Ya kizazi cha 3, i5-3470, bei yake iko chini na muuzaji atakuapia kuwa ni zilezile tu, ila kizazi cha 4 ndo kilikuja na AVX2 (amri za ziada ndani ya prosesa) mwaka 2013 na kuna magemu mapya hayafunguki kabisa bila hiyo, utakaa unatazama kioo cheusi. Halafu umbo. Kuna ile tawa kubwa na kuna ile nyembamba ya kulaza chini ya monita. Jamaa wa duka alinipa nyembamba, akasema bosi vya ndani ni vilevile. Vya ndani kweli vilevile, ila kadi ya kawaida haiingii, inataka kadi ya kimo kifupi ambazo ni adimu na ukizipata bei imesimama. Nikamwambia fungua mfuniko tuone wote, akacheka akanitolea tawa stoo.

Na kwa nini 1650 na si kadi nyingine, ni kwa sababu pawasaplai ya 9020 ni wati 290 na haina waya wa ziada wa kadi. 1650 inavuta wati 75 hivi na zote inazipata kwenye sloti yenyewe. Ila chagua isiyo na tundu la pini 6 juu, zipo za aina zote mbili na kwenye picha za mtandaoni huoni tofauti.

Haya, wengine.

Kanairo254
Poa sana mkuu. Mimi niko Nairobi na ya kwangu nilijenga pole pole nikinunua kitu kimoja kimoja, mwezi huu prosesa, mwezi ule RAM, mathe akawa anauliza hayo mabox ni ya nini. Kadi ndiyo nilikaa nayo kwa akili sana. Nilitaka RX 580 ya GB 8 juu kwa hiyo bei hakuna kitu inaifikia, na Luthuli Avenue zilikuwa zimejaa. Mnajua zilitoka wapi? Septemba 15 mwaka 2022 ile sarafu ya mtandaoni ya Ethereum iliacha mambo ya kuchimba kwa kadi, wale wachimbaji wa China wakamwaga mzigo wote sokoni, nyingine zikaoshwa zikapigwa plastiki mpya zinaitwa mpya. Mimi sina shida na kadi ya mgodi, chip huwa haichoki hivyo, kinachochoka ni feni na ile pesti ya joto, na hizo mbili ni vitu za kubadilisha.

Shida ni jina. Kuna RX 580 yenyewe yenye kore (vile viini vya kupiga hesabu) 2304 na kuna inaitwa RX 580 2048SP, hiyo ni RX 570 imevalishwa shati ya kakake. Si mbaya lakini usilipe bei ya 580. Mimi nilienda na flashi iko na GPU-Z na FurMark, hizo ni programu za kukagua na kupima kadi, nikamwambia msee wa duka chomeka kadi kwa mashine yako hapa mbele yangu. Wa kwanza alikataa akasema mashine iko bize, nikatoka. Wa pili alikubali. GPU-Z inakuonyesha kore ngapi, na tangu ile vashoni ya 2.12 kadi ya NVIDIA ikiwa ya kupakwa BIOS ya uongo (ile programu ya ndani ya kadi) inakuandikia FAKE mbele ya jina. Nimeona kwa macho yangu GTX 1050 Ti moja ikiandikwa hivyo, ndani ni chip ya zamani ya GTX 550 Ti. Muuzaji mwenyewe alishtuka kuliko mimi, naamini hata yeye aliuziwa. Baada ya hapo washa FurMark dakika kumi usikize feni kama zinakwaruza na uangalie kama picha inatoa vidoti.

Niliacha nini? Monita. Nilitumia TV ya sitting room mwaka mzima, mechi ikianza mimi natoka.

Dada wa Njiro (Arusha)
Kaka zangu mnaongelea kadi tu, mimi nilianza bila kadi kabisa. Nilikuwa chuo, bumu limeingia, nikapiga hesabu nikaona kadi na prosesa kwa pamoja haiwezekani labda nisile. Nikachukua Ryzen 5 5600G kwenye madabodi ya A520, hiyo prosesa ina kore 6 na grafiki zake ndani, Vega 7. Valorant safi, Counter-Strike inaenda, FIFA ukishusha setingi inaenda vizuri tu.

Ila sasa hapa ndo watu wengi wanapigwa. Ile grafiki ya ndani haina memori yake, inaazima RAM. Kwa hiyo RAM mbili za GB 8 ni tofauti kabisa na moja ya GB 16, kwenye moja ni kama kuchota maji kwa bomba moja wakati una mabomba mawili. Muuzaji alinishikia kijiti kimoja cha 16 akanambia dada hiki bora zaidi maana unabaki na nafasi ya kuongeza. Kwa mwenye kadi ushauri wake ungekuwa na mantiki, kwa mwenye 5600G hapana, nikasimama palepale mpaka akanitafutia viwili vinavyofanana. Ukishafunga ingia BIOS, ile menyu ya setingi za madabodi, uwashe XMP inayoipa RAM spidi yake kamili, vinginevyo RAM ya 3200 inaweza ikakaa kwenye 2133 maisha yake yote na wewe ukalaumu prosesa.

Kadi nimekuja kuongeza baadaye nilipoanza kupata vihela vya kuedit video, RTX 3060 ya GB 12. Mwenye 5600G jihadhari na RX 6400 na 6500 XT, zinatumia njia 4 tu za PCIe (ile sloti ya kadi), zimepigiwa hesabu ya PCIe ya kizazi cha 4 na hii prosesa iko kwenye cha 3, kwa hiyo unanunua kadi unaacha sehemu ya nguvu zake mlangoni. Hata kwenye Dell ya mkuu hapo juu ni hivyohivyo.

Na RAM kama umeiona kwa bei ya zamani dukani chukua usilale. Tangu mwishoni mwa 2025 zimepanda vibaya, viwanda vimegeukia memori za mitambo ya AI.

Mzee wa Fremu (Dar)
Dada hapo kwenye vijiti viwili umeua. Kuna fundi humu wa kanda ya ziwa namsubiri kwenye umeme.

Fundi wa Nyakato (Mwanza)
Nipo mkuu. Mimi natengeneza za watu kwa hiyo naletewa maiti. Zinazokuja zimekufa kwa umeme ni nyingi kuliko kitu kingine chochote, na nyingi zina pawasaplai ile nyepesi ya bati la kijivu imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Usisome hiyo 500. Geuza ubavuni kuna jedwali dogo, tafuta mstari wa +12V uone amp ngapi. Juzi nimeshika moja imeandikwa 18A. Mara 12 unapata wati 216, na kadi na prosesa karibu zote zinakula kwenye 12V. Sasa mwenye mashine alifunga RX 580 ambayo peke yake inavuta wati 185, unategemea nini?

Jingine, mashine zilizotoka Marekani. Nyuma ya pawasaplai nyingi za zamani kuna kiswichi chekundu kidogo, 115 na 230. Kikija kwenye 115 ukachomeka ukutani kwetu unasikia paa na harufu, na mteja anasema fundi sikugusa kitu. Sukuma kwa bisibisi bapa kabla hujachomeka chochote.

Na mwenye OptiPlex 9020 akitaka kadi kubwa ajue ile madabodi haina tundu la umeme la kawaida la pini 24, ina la pini 8 la Dell wenyewe. Pawasaplai ya kawaida inaingia kwa adapta, ni kiwaya kifupi tu, kinapatikana. Hela yako ikiwa ndogo nakwambia kata kwenye kesi, kata kwenye kibodi, kata hata kwenye prosesa, hapa kwenye pawasaplai usikate. Na UPS ndogo au stebulaiza, maana umeme wetu ukikatika si tatizo, tatizo ni unavyorudi.

Bin Ruwi (Maskati)
Assalaam aleikum jamaa. Mimi nilimnunulia mpwa wangu wa Unguja, vitu nimevitafuta huku Ruwi nikaja navyo likizo. Yakhe, kesi usibebe, kesi ni hewa tupu na shirika la ndege linakutoza kwa hewa hiyo. Nilibeba prosesa, madabodi, RAM na kadi kwenye mkoba wa mkononi, kesi na pawasaplai tukavitafuta nyumbani.

Nilimchagulia i3-12100F, kore 4 na nyuzi (threads) 8, kwenye gemu inaziacha mbali hizo i5 za zamani. Lakini ile F maana yake haina grafiki za ndani, kwa hiyo bila kadi huoni picha. Na kebo ya monita inaingia kwenye kadi, si kwenye madabodi. Mpwa wangu alinipigia usiku, ami haiwashi, kumbe imewaka zamani, kachomeka juu badala ya chini.

Kibokoni
Nikiongezea hapo kwa ami, sisi Mombasa tunapenda monita za mtumba zenye tundu la zamani la VGA peke yake. Kadi za NVIDIA kuanzia GTX 1050 kwenda mbele hazitoi VGA tena, ile adapta ya bei rahisi ya DVI kwenda VGA haitoi kitu, unahitaji ile inayobadilisha mawimbi yenyewe. Mimi ningetafuta monita yenye HDMI tangu mwanzo.

Bwana Konsoli
Hela hiyo yote si ununue PS4 ulale?

Dada wa Njiro (Arusha)
PS4 ingenifanyia assignment? 😂

Mgeni_Moro
Shikamooni wakubwa. Nimeona HP EliteDesk 800 G1 ile nyembamba, i5 kizazi cha 4, laki mbili na nusu. Nichukue?

Mzee wa Fremu (Dar)
Marahaba. Ya kusoma na kuangalia muvi chukua. Ya gemu muulize kama ana hiyohiyo ya tawa, hata akiongeza elfu hamsini lipa, utaiokoa kwenye kadi. Akisema hana, mwambie unarudi. Na HP hizo waya mkuu wa umeme ni wa pini 6 wa kwao wenyewe, kwa hiyo kabla hujawaza kadi kubwa mtafute Fundi wa Nyakato akwambie adapta yake inapatikana wapi.