Tupeane uzoefu: kupiga picha za shanga, hereni na pete zilizotengenezwa kwa mkono, kwa simu, mteja apokee rangi ileile aliyoiona

Mwanzisha mada: Wadau mnaotengeneza mapambo kwa mkono na kuuza Instagram na WhatsApp, malalamiko ya wateja ni yaleyale: "rangi siyo ile" na "nilidhani ni kubwa". Yote mawili huanzia kwenye picha. Tupeane mbinu kamili: mwanga, vifaa, vipimo, na nini huharibika. Anayejua bidhaa ya aina moja tu aandike hiyohiyo.

Mtunga shanga, Arusha: Nianze na mwanga, maana ndiko picha nyingi zinakofia. Weka meza karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, kisha fungua kioo. Vioo vingi vya madirisha yetu ni tinted ya bluu au kijani, na shanga nyeupe hutoka na rangi hiyo. Angalia na ukuta: uliopakwa kijani hurudisha kijani chake kwenye bidhaa. Zima taa zote za ndani. Mwanga wa aina mbili simu haiwezi kuusawazisha kwa pamoja, hivyo upande mmoja utavuta bluu na wa pili njano. Mkabala na dirisha, sentimita 20 hivi kutoka kwenye bidhaa, simamisha manila nyeupe ipunguze kivuli. Asiye na dirisha zuri atumie kibaraza, saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, kivulini.

Shanga za Kimaasai zina tabu yake kwa sababu nyeupe na nyekundu hukaa pamoja. Ukitandika kitambaa cheusi, simu itaongeza mwanga mpaka nyeupe ziungane kuwa doa moja. Tandika kijivu au rangi ya mchanga. Gusa shanga nyeupe kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha kile kialama cha jua hadi kila punje ionekane peke yake. Nyekundu nayo hukolea kupita kiasi ukiacha simu iboreshe picha yenyewe. Zima huo uboreshaji, pamoja na filta zote.

Fundi wa brasi na mifupa, Nairobi: Brasi iliyong'arishwa huonyesha kilicho mbele yake: shati lako jekundu, simu, dari. Vaa nyeupe au kijivu. Zungushia bidhaa karatasi nyeupe, na ile ya mbele itoboe tundu la kutosha lenzi tu. Sasa tatizo linageuka: kila kitu kinakuwa cheupe na pete inakosa kingo. Kata kadi nyeusi nyembamba, kama sentimita 2 kwa 10, uisimamishe ubavuni nje ya fremu. Huleta mstari mweusi kwenye chuma, na mstari huo ndio unaochora umbo. Fedha hasa, bila mstari huo hutoka kijivu bapa.

Alama za vidole zifutwe kwa kitambaa cha miwani. Futa na lenzi pia, mafuta ya vidole huleta ukungu ambao watu hudhani ni ubovu wa simu. Limau na chumvi husafisha brasi, lakini suuza na kukausha papo hapo, la sivyo yatabaki madoa. Usithubutu kwenye mfupa wala shanga zilizotungwa kwa uzi. Pete isiyosimama iwekee tone la nta laini chini.

Muuza hereni, Mombasa: Hereni za kuning'inia msizilaze! Zikilala mteja hajui zitakaaje sikioni. Tundika kwenye ukingo wa bilauri au kwenye mshipi wa kuvulia uliovutwa kati ya vitu viwili. Egemeza simu kwenye vitabu, weka taima ya sekunde 3, subiri zitulie. Epuka kusogea karibu mno, lenzi pana itaifanya hereni ya mbele ionekane kubwa kuliko mwenzake. Kaa sentimita 30 hivi, tumia lenzi ya 2x kama ipo, kisha punguza kingo za picha. Hali ya potreti, ile inayofifisha mandhari ya nyuma, iacheni kabisa: simu hukisia bidhaa inaishia wapi, na waya mwembamba huupoteza.

Muuza vito: Kwa wenye tanzanaiti ya Mererani: jiwe huelekea bluu kwenye mwanga wa mchana na zambarau chini ya balbu ya njano. Kamera haina kosa. Weka picha zote mbili na uandike ipi ni ipi.

Mwanzisha mada: Na ukubwa je?

Mtunga shanga, Arusha: Rula iwe usawa mmoja na bidhaa na simu iwe juu yake wima, ukiinamisha vipimo vinadanganya. Bangili hupimwa kipenyo cha ndani, maana ndicho kinachopita mkononi. Mkufu ufunguliwe, upimwe mwisho hadi mwisho. Halafu picha moja ikiwa imevaliwa, ya sikio pamoja na shingo hadi begani. Hiyo hupunguza maswali kuliko rula. Usisahau upande wa nyuma na kifungio.

Muuza hereni, Mombasa: Instagram kata picha iwe pikseli 1080 kwa 1350. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo chagua HD au itume kama dokumenti, hasa mteja akiomba kuona kifungio kwa karibu.