Mwanangu anaona aibu kusema kwao ni Mtwara. Nifanyeje?

Mama wa Kusini
Habari zenu wanajamvi. Tumehamia Mwanza tangu Januari, tunakaa Igoma. Mwanangu ana miaka 8, yuko darasa la tatu. Shuleni jina lake limeshasahaulika, anaitwa "Mmakonde" tu. Mwanzoni alikuwa anarudi analia. Siku hizi halii, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Jumapili bibi yake kapiga simu, kamsalimia Kimakonde kama kawaida yao. Mtoto kanirudishia simu, ananong'ona: "Mama mwambie aongee Kiswahili, dirisha liko wazi."

Juzi nimemkuta uani na wenzake wanamwimbia binti wa jirani mwenye ualbino nyimbo za kumcheka. Sauti ya mwanangu ilikuwa juu kuliko zote. Nilimchapa. Tangu siku hiyo sina raha.

Ng'wana Kisesa
Pole sana dada. Mwanza ni ya wengi: Wasukuma, Wakerewe, Wakara, Wajita, Wazinza, Wahaya, Wakurya. Pita naye soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi, asikie watu wa mitumbwi na wauza dagaa wanavyobadilisha lugha. Mwezi wa sita mpeleke makumbusho ya Wasukuma Bujora, kwenye sherehe ya ngoma ya Bulabo, aone vikundi vya Bagika na Bagalu wanavyoshindana. Na mfundishe salamu. Akimwambia mama muuza matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) "mwangaluka mayu", yaani habari ya asubuhi mama, wiki haiishi atakuwa anaitwa kwa jina lake.

Mwalimu Nyakato
Salamu ni nzuri, ila asijifunze Kisukuma ili ajifiche. Huyo mtoto ameshaona kwamba ukicheka na wenzako, hawakucheki wewe. Fimbo haitamtoa hapo. Nenda kwa mwalimu wa darasa, mwombe amwite kwa jina lake mbele ya wenzake, kila siku.

Kuhusu binti: usiishie kumwambia "sote ni sawa". Mweleze kwamba ngozi ya mwenzake haina rangi ya kuikinga na jua, ndiyo maana anavaa kofia pana na mikono mirefu, na macho yake hayaoni mbali vizuri, ndiyo maana darasani anakaa mbele. Kisha rede ichezwe jioni, au kivulini, naye awemo. Hili silisemi kwa wepesi. Kanda yetu ya Ziwa imezika watu wenye ualbino waliouawa kwa ushirikina. Kejeli za uani tusizichukulie kama utoto tu.

Mjita wa Ukerewe
Dada, naomba nikuulize. Simu ya mama yako ikiita ukiwa kwenye daladala, unaongea naye Kimakonde?

Mama wa Kusini
Swali hilo limenichoma. Huwa nakata, nampigia nikifika nyumbani. Mtoto huwa yupo pembeni yangu.

Leo nimempigia mama nikiwa barazani, kwa sauti yangu yote. Watoto wa jirani wakaja, mmoja akauliza ile ni lugha gani. Mwanangu alikaa kimya muda mrefu, halafu akajibu, "Ya kwetu." Akaingia ndani, akatoka na korosho alizotuma bibi yake.

Yule binti hakuwepo. Kesho jioni nitakwenda na mwanangu kwao kuomba radhi. Nitaanza mimi kuongea na mama yake, halafu nimwachie yeye.