Tupeane uzoefu: msimu wa mashindano ya makasia chuoni na lile pigo moja usilolisahau

Kiti Namba Tatu
Wakuu, heshima kwenu. Jana nilikuwa napekua begi la zamani nikakuta spana namba 10 imefungwa kwa kamba ya kiatu. Ile ya kukazia riga, vile vyuma vya ubavuni vinavyoshikilia kasia. Mkono uliitambua kabla ya macho, nikakaa chini palepale.

Najua humu wamo waliopiga makasia vyuoni, Marekani na Uingereza, kwenye zile klabu za wanafunzi ambako mnachanga nauli wenyewe, mnapakia boti kwenye trela usiku na kulala sita chumba kimoja. Kwa hiyo sitaeleza sana. Vuli ni mbio ndefu za kufukuzana na saa. Majira ya kuchipua ndiyo mita 2000, boti sita ubavu kwa ubavu, dakika sita hivi, mapigo kama 220, kwisha. Baridi yote unakaa kwenye ergo, ile mashine ya kupigia makasia nchi kavu, kwa ajili ya dakika hizo sita.

Yangu ilikuwa mwezi wa nne. Mita 1700 tumeshazimaliza, tuko wa pili, koksi, mshika usukani wetu, anapiga kelele: "Nimekaa sawa na namba tano wao, nipeni namba nne!" Yaani tuwapite kiti kimoja zaidi. Tunakwenda mapigo 38 kwa dakika. Kasia langu likaingia majini likiwa limepinda kidogo, kosa la kiganja tu, na maji yakalishika. Wenzetu wanaita kukamata kaa, na hilo jina ni la upole mno. Boti ya wanane inakwenda karibu kilomita 20 kwa saa. Bapa la kasia likishavutwa chini, mpini unakurudia na nguvu ya watu saba wengine. Ulinipiga chini ya mbavu, ukapita juu ya kichwa changu, nikalala chali kwenye magoti ya namba mbili. Boti ikasimama kama iliyokwama mchangani. Nikiwa chali nasikia makasia ya boti za pembeni yakitupita, moja, mbili, tatu.

Tulimaliza wa tano. Hakuna aliyenigombeza. Tulinyanyua boti mabegani, koksi anahesabu hatua, na mimi njia nzima nakitazama kisogo cha mtu wa mbele yangu, chekundu kwa jua, nikisubiri ageuke aniseme. Hakugeuka. Miaka 9 sasa. Nani mwingine ana pigo lake?

Lengelenge
Umenikumbusha mbali mkuu. Nakazia. Ile sauti ya boti kusimama, we acha tu.

Omo wa Zamani
Mimi kaa alinirusha mtoni kabisa. Nilikuwa omo, kiti namba moja, mpini ukanikuta tumboni nikaona anga, halafu maji. Wenzangu wakaendelea saba. Nikaogelea mpaka kwenye boya, nikalikumbatia, nikawatazama wakivuka mstari bila mimi. Kanuni inaruhusu, mpiga kasia akianguka boti inamaliza na matokeo yanahesabiwa. Asipokuwepo koksi ndipo hayahesabiwi.

Ushauri kwa vijana: ukimkamata kaa lala chali upesi, acha mpini upite juu. Ukishindana nao unavunjika mbavu.

Stroku Namba Nane
Hapana kaka. Ukilala chali umeshakata tamaa. Usukume mpini mbali na mwili na uunyanyue mapema kabla haujakufika kifuani, bapa litachomoka lenyewe. Nimeokoa kaa watatu hivyo katika msimu mmoja.

Omo wa Zamani
Kwa mapigo 38 huna muda wa "mapema", mkuu.

Koksi Mdogo
Ngojeni kwanza. Namba Tatu, una uhakika lilikuwa kosa lako? Nimeshika usukani misimu minne. Kaa wengi hawatoki mkononi, wanatoka kwenye mizani. Koksi akigusa usukani makasia yakiwa hewani, boti inalala upande mmoja, na mtu wa upande ule hana nafasi ya kulitoa bapa majini. Ndiyo maana tunafundishwa kugusa kidogo, tena makasia yakiwa ndani ya maji. Mbele ya mstari, boti ya jirani inakusogelea, moyo unakwenda mbio, vidole vinaikaza kamba ya usukani bila wewe kujua.

Stroku Namba Nane
Makoksi bwana, mnapenda kila jambo liwe lenu, ushindi wenu na makosa yenu. Anayeweka mwendo ni namba nane. Mizani inaharibika mtu anapoharakisha kurudi mbele kwenye siti yake inayoteleza. Manahodha wengi chombo huenda mrama.

Koksi Mdogo
Kaka namba nane, wote wanane mmeipa mgongo njia mnayokwenda. Nikinyamaza mapigo kumi tu hamjui kama mnaongoza au mnakwenda kugonga daraja. Sidai ushindi. Nimemwambia mwenzetu asijibebeshe peke yake miaka 9.

Lengelenge
Tukiwa kwenye makosa, nani alikuwa na dawa ya kweli ya viganja? Mwezi wa tatu, tukitoka kwenye ergo kurudi majini, malengelenge yanaota juu ya malengelenge.

Mzee wa Spana
Usipasue. Sugu ikiota isugue na jiwe baada ya kuoga, ibaki tambarare. Ikinyanyuka ukingo, kasia litaing'oa na nyama.

Omo wa Zamani
Pasua kwa sindano safi, paka spiriti, lia kidogo, kesho uko majini.

Stroku Namba Nane
Glavu marufuku, zinaongeza msuguano na hulisikii kasia. Kwa hilo tu wote tutakubaliana.

Binti wa Machi
Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo. Sijawahi kuandika habari hii popote, ila hili la Namba Tatu kulala chali akisikiliza maji limenivuta.

Ilikuwa wiki ya pili ya Machi, barafu imeondoka ziwani siku tano tu. Tulikuwa boti ya wanagenzi, wasichana wanane na koksi wa miaka 19. Mashindano ya kwanza yalikuwa yamebaki majuma matatu na kila mtu ana kiwewe. Kocha ana boti yake moja ya injini na timu mbili za kuangalia. Wavulana wakatangulia, akawafuata. Upepo ukageuka.

Mnaijua boti ya wanane: mita 17 na kitu, nyembamba, ukingo umeinuka kiasi cha shibiri tu juu ya maji. Mawimbi yakaanza kumwagika ndani kupitia kwenye riga. Kwanza visigino, halafu vifundo, halafu siti zikaanza kuelea juu ya reli zake. Viatu vimefungwa kwenye ubao na miguu yetu imo ndani ya viatu. Koksi hakupiga kelele. Alisema kwenye maikrofoni, taratibu kabisa, "Toeni miguu." Halafu ile maikrofoni ikafa.

Maji yaliponifika kifuani pumzi ilinitoka na kunirudia yenyewe, haraka haraka, siiongozi mimi. Leo wanafundisha kwamba una dakika moja ya kuituliza pumzi, dakika kumi za mikono inayofanya kazi, na saa moja hivi kabla ya kupoteza fahamu. Sisi hakuna aliyekuwa ametuambia. Namba saba alikuwa muogeleaji hasa, mwenye medali. Akaona ufukwe, kama mita 200, akasema anakwenda kuita msaada. Koksi akamkamata ukosi wa jaketi. "Hakuna anayeiachia boti." Wakavutana mle mle majini, namba saba analia na kumtukana, yule mdogo hamwachii.

Boti haikuzama, kwa sababu omo na tezi zina sehemu zilizozibwa zenye hewa. Tukapanga watu wawili wawili, mmoja huku mmoja kule, tukashikana viganja juu yake. Koksi akaanza kuita namba kama anavyotuita tukijiandaa kuanza mbio. Omo! Mbili! Tatu! Kila mtu anajibu namba yake. Akifika nane anarudia. Mzunguko wa sita au wa saba, akaita tano, kimya. Akaita tena. Namba tano akajibu, "Mbili."

Hapo ndipo nilipoogopa. Viganja vyake nilikuwa nimevishika mimi, na nilikuwa sivisikii tena, vyake wala vyangu.

Kocha alitufikia baada ya dakika 12. Wote tulitoka wazima. Namba tano alilala hospitali siku mbili. Mimi nilishindwa kufungua zipu yangu mpaka jioni, mwenzangu wa chumbani ndiye aliyenifungulia. Wakubwa wa klabu walitwambia tusiitangaze sana habari hii, msimu usije ukafutwa. Tukanyamaza. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko maji yale.

Mwezi wa tano tulishindana. Kwenye mstari wa kuanzia koksi akaita namba, utaratibu wa kawaida tu, kila mtu aseme yuko tayari. Zamu ya namba tano ilipofika alijibu "Tano!" kwa sauti ambayo boti nzima ya pembeni iligeuka kututazama.

Lengelenge
Dada pole sana. Nimesoma nimesimama.

Koksi Mdogo
Yule koksi wenu. Miaka 19. Nimefunga simu nikaenda kunywa maji, nikarudi.

Mto Mwembamba
Pole dada. Ila niseme ukweli, mimi ningeogelea. Mita 200 kwa mwenye medali ni dakika tatu. Dakika 12 za kungoja ni nyingi.

Mzee wa Spana
Kijana, dakika tatu ni kwenye bwawa la joto, una chupi ya kuogelea tu. Kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka juzi, na nguo tatu mwilini, mikono inakufa kabla hujafika. Wenye kuogelea vizuri ndio wanaojiamini wakaondoka. Boti inaelea, wewe huelei. Na kocha akitafuta anaona boti, kichwa cha mtu kati ya mawimbi hakionekani.

Mto Mwembamba
Na kama kocha asingekuja?

Mzee wa Spana
Hilo ndilo swali la kumuuliza kocha kabla hamjaondoka gatini. Klabu yetu ilikuwa na kanuni: jumlisha joto la hewa na joto la maji kwa Farenhaiti. Jumla ikiwa chini ya 90, boti haitoki bila boti ya injini kando yake. Kando yake, siyo ziwani tu. Siku ngapi tulirudishwa kwenye ergo tukanuna! Nilimchukia sana aliyekuwa anakwenda na kipimajoto gatini saa kumi na moja alfajiri. Leo ningemtafuta nimshike mkono.

Binti wa Machi
Asante mzee. Mto Mwembamba sijakasirika, namba saba naye alisema hivyo hivyo kwa mwaka mzima. Yeye na koksi hawakuzungumza mpaka tunahitimu.

Mto Mwembamba
Samahani dada. Nimeandika haraka.

Mimi nilipigia Oxford, huko hakuna boti sita ubavu kwa ubavu, mto hautoshi. Mnapangwa foleni, kati ya boti na boti nafasi ya urefu wa boti moja na nusu. Mzinga unalia, unamfukuza wa mbele na wa nyuma anakufukuza wewe. Ukimgusa, mnajitoa kando na kesho mnabadilishana nafasi. Siku nne mfululizo. Ukigonga siku zote nne unastahili kasia lenye majina yenu. Sisi tuligongwa siku zote nne. Siku ya mwisho nilisikia koksi wa nyuma yetu kwa karibu kiasi kwamba nilianza kupiga kwa hesabu yake yeye. Hilo ndilo pigo langu.

Lengelenge
Yangu ni ya Philadelphia, Mto Schuylkill, Dad Vail, yale mashindano ya makasia ya mwezi wa tano yaliyopo tangu 1934. Si kaa wala baridi. Tulishindwa, na kwa mila ya mchezo tukawavulia fulana washindi. Aliyepokea yangu akaiangalia, ina damu ya viganja mgongoni pale nilipojifutia. Akaniuliza kama nina nyingine ya kuvaa. Nikasema sina. Akanipa yake. Ninayo mpaka leo, ndiyo ninayooshea gari.

Omo wa Zamani
Fulana ya mshindi unaoshea gari? Tubu.

Kiti Namba Tatu
Wakuu, nimerudi. Nilikaa na maneno ya Koksi Mdogo, na baada ya Binti wa Machi nikaona haya ya kuendelea kunyamaza. Kundi letu la zamani lilikuwa halijaandikwa kitu tangu mwaka juzi. Usiku wa jana nikaandika: jamani, yule kaa wa mita 1700, samahanini, sikuwahi kusema.

Namba mbili kajibu kwanza, anasema anachokumbuka ni uzito wangu magotini. Namba nane anabisha ilikuwa mita 1600. Koksi alikaa saa nzima anaonekana anaandika, anafuta, anaandika. Mwisho akatuma hivi: "Wewe ulimkamata kaa? Mimi siku zote najua niliikwepa boti ya kushoto nikakaza usukani."

Sijamjibu bado. Nimempigia picha ile spana na kamba yake ya kiatu nikamtumia.

Koksi Mdogo
Mpigie simu.

Stroku Namba Nane
Mpigie. Na namba nane mwambie ilikuwa 1700.