Tupeane uzoefu: Wewe uliyelelewa na wazazi waliokuwa upande wako, walifanya nini hasa?

Mtoa mada:
Wakuu, habari za wazazi wakali tumezisoma sana, na zina haki ya kusimuliwa. Leo nataka tuwasikie wa upande wa pili: nyie mliokulia nyumba ambayo mtoto akipata tatizo anakimbilia ndani, hakimbii nje. Ila naomba tusiishie kwenye "walinipenda sana". Walifanya nini? Tendo gani, neno gani, tabia gani ya kila siku?

Naanza mimi. Kwetu pesa haikuwa siri ya wakubwa. Mwisho wa mwezi mama anatandaza karatasi mezani: hiki ndicho kilichoingia, hii kodi, hii ada, hiki kinachobaki. Sisi watoto tulikaa pale tangu tulipoanza kujua kujumlisha. Kwa hiyo nikiambiwa viatu vipya haviwezekani, sikujiona nimenyimwa, kwa sababu hesabu nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Siku moja mdogo wangu akapendekeza kitu cha kupunguza. Baba akakiandika, na kikapunguzwa kweli. Hapo ndipo nilipojua kwamba kauli ya mtoto nayo ina uzito. Msidhani tulikuwa nacho. Tulikuwa hatuna, lakini tulikuwa hatuna pamoja.

Kifungua mimba:
Mzaliwa wa kwanza mwenzangu anaujua mzigo ninaousema. Mama yangu alikuwa na kauli moja: "Huyu ni mdogo wako, si mwanao." Kazi nilifanya, nilifua, nilibeba mtoto mgongoni. Lakini mdogo akianguka, hakuna aliyenigeukia na kuniuliza nilikuwa wapi. Waliulizana wao wawili. Leo wadogo zangu wananipigia simu kunipa mambo yao kama dada yao, hawanikwepi kama vile mimi ni mama wa pili. Naamini mama aliulinda urafiki huu kwa makusudi, na nikimtazama kwa macho ya utu uzima namheshimu zaidi, maana ingekuwa rahisi sana kwake kunitwisha.

Naomba kupinga:
Kidogo tu. Wangu walinipenda, hilo sina shaka, ila walinitatulia kila kitu. Nikigombana na mwenzangu darasani, mama keshafika kwa mwalimu. Nimekuwa mtu mzima na bado jambo dogo la kuamua linanifanya nipige simu nyumbani kwanza. Kuunga mkono nako kuna mpaka, jamani.

Mtoa mada:
Ndugu yangu, pingamizi lako lina msingi. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Diana Baumrind, ambaye miaka ya 1960 alichunguza watoto wadogo na wazazi wao akaeleza mitindo mitatu ya malezi: mzazi wa amri tupu, mzazi wa kuachia kila kitu, na yule anayeweka mipaka huku akieleza sababu na kusikiliza. Watoto wa huyu wa tatu ndio aliowaona wakijitegemea na kujidhibiti zaidi. Maana yake upendo na masharti vinaweza kukaa nyumba moja. Baba yangu alikuwa anasikiliza tatizo langu hadi mwisho, kisha anauliza, "Hili unaliweza mwenyewe, au niinuke?" Mara nyingi nilimjibu naliweza, na ujasiri huo niliupata kwa kujua kwamba nikisema siwezi, atainuka.

Msema taratibu:
Mimi nina kigugumizi tangu nianze kuunganisha sentensi. Nyumba yetu ni ya wasemaji, kila mtu ana lake na wote wanataka kusema kwa pamoja. Mtoto kama mimi angeweza kunyamaza pale mezani miaka yote na asigundulike.

Baba akaweka sheria: hakuna kumdakia mwenzio neno. Sheria yenyewe ilikuwa ya wote, jina langu halikutajwa hata mara moja, na kaka zangu wakikatizana walikemewa vilevile. Nilikuwa mkubwa tayari nilipong'amua kwamba ile sheria ilitungwa kwa ajili yangu.

Watu hudhani wanakusaidia wakikwambia "vuta pumzi, tulia, sema polepole". Wanakuongezea jambo la pili la kushughulikia wakati la kwanza bado limekwama kooni. Mama hakuwahi kuniambia hayo. Alinitazama usoni kama anavyomtazama mtu yeyote anayezungumza naye, hadi neno litoke lenyewe. Mgeni akinimalizia sentensi, mama anamwambia kwa heshima, "Subiri, bado anaongea." Kisha ananigeukia kusikiliza kilichobaki, hata kama kilichobaki ni neno moja.

Baadaye tulipoonana na mtaalamu wa matibabu ya usemi, ushauri aliowapa wazazi wangu ulikuwa karibu uleule waliokuwa wakiufuata: msimmalizie, mpeni muda, shikeni anachosema kuliko namna anavyokisema. Bado nagugumia hadi leo. Na kazi yangu ni ya kuongea na watu kutwa nzima. Nikikwama mbele ya mteja, nasubiri, naye anasubiri, kisha tunaendelea.

Kitinda mimba:
Kwetu wazazi walizozana mbele yetu, na wakapatana mbele yetu. Nyumba nyingi watoto husikia nusu ya kwanza tu, ya pili inafanyika chumbani mlango umefungwa.

Mzazi mpya:
Nawasoma kwa wivu mzuri. Mimi sikuyaona hayo. Sasa nina mtoto mchanga, na kila nikikasirika naogopa nimeshaharibu. Asiye na mfano aanzie wapi?

Kitinda mimba:
Anzia kwenye kurudi kwa mtoto baada ya hasira, mpendwa. Mwaka 1975 mtafiti Edward Tronick alieleza jaribio ambalo mama anayecheza na mtoto wake mchanga anaombwa aukaushe uso kwa muda mfupi. Mtoto anatabasamu, anatoa sauti, ananyoosha mikono kumrudisha. Asipofaulu anahangaika na kugeuza uso. Mama akirejea hali yake, wawili wanarekebishana. Tronick baadaye alisisitiza sana hilo la kurekebisha: hata mama na mtoto wanaoelewana hupishana mara kwa mara, na uhusiano hujengwa wanapokutana tena. Baba yangu aliwahi kunifokea kwa kosa lisilo langu. Usiku akaja akasema, "Mwanangu, nimekukosea, unisamehe." Kufokewa kwenyewe nimekusahau, ule usiku ninao.

Mzazi mpya:
Asante sana. Na kwa Msema taratibu: mtoto wa dada yangu naye anagugumia, ndiyo kwanza ameanza shule. Tumwambie nini mwalimu wake?

Msema taratibu:
Mwambieni mapema, kabla wenzake hawajaanza kumcheka. Amwombe mtoto pembeni, si mbele ya darasa, aseme mwenyewe angependa kusoma kwa sauti kwa namna gani: wa kwanza ili asikae na hofu akingoja zamu, au pamoja na mwenzake, maana wengi wetu tukisoma kwa pamoja maneno hutoka bila kukwama. Asimruke kwenye maswali kwa kumhurumia. Akiinua mkono, apewe nafasi na muda wake wote. Na dada yako asisubiri mtoto akue ndipo amtafute mtaalamu wa usemi, ampeleke sasa.